Chelezo Kisichoelea

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 35, na kazi hiyo humwachia mtu ugonjwa. Mwalimu mstaafu hawezi kupita mbele ya bango la duka asilisahihishe. Kila niendapo stendi ya mabasi hapa Msamvu, macho yangu hutangulia kutafuta "h" iliyodondoka na kiambishi kilichokosewa, kabla akili haijauliza bango lenyewe linatangaza nini. Mke wangu hunicheka, nami hucheka pamoja naye. Leo nataka kusimulia jinsi ugonjwa huo ulivyonigharimu mashairi matatu, na mashairi hayo hayakuwa yangu.

Yalikuwa ya mwalimu mwenzangu. Tulikutana katika Chuo cha Ualimu cha Kigurunyembe, chini ya milima ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulipangwa bweni moja, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumeanza kulumbana kwa tungo. Yeye alitunga ubeti wa swali akauacha juu ya mto wangu wa kulalia. Mimi nikajibu kwa vina vilevile nikauweka ndani ya kiatu chake. Tulipohitimu tulipelekwa mikoa tofauti, na malumbano yakahamia kwenye barua. Mimi nilizipeleka tungo zangu magazetini. Yeye hakupenda. Alisema shairi ni salamu, na salamu hupelekwa kwa mtu, haitundikwi ukutani. Alistaafu akarudi kwao Matombo, upande wa pili wa milima, na mwishoni mwa mwaka 2022 akatutangulia.

Baada ya msiba, mjane wake, ambaye kwangu ni shemeji, alinipa madaftari makubwa manne, yale ambayo wanafunzi huyaita kaunta buku. Ndani yake mlikuwa na mashairi 112. "Shemeji," aliniambia, "wewe ndiye uliyekuwa ukimjibu. Yachape, kisha unirudishie madaftari yangu." Nikaahidi yote mawili.

Sikuwa na shaka juu ya vyombo. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye ninayemtazamia kuliko wote. Kijana huyo hutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Alikuwa amenifungia kisanduku kidogo chenye diski ndani yake, akakiweka sebuleni kando ya ruta inayotuletea intaneti, akakiunganisha na ruta hiyo kwa waya. Kompyuta yangu iko chumba cha nyuma, nayo huzungumza na ruta bila waya. Programu moja ilipewa kazi: kila usiku saa nane, watu wamelala, ichukue chochote nilichoandika mchana ikakiweke nakala katika kile kisanduku. "Mjomba," alisema, "hata kompyuta hii ikifa, maneno yako hayafi." Kwa kunifurahisha, akaiweka programu hiyo katika lugha ya Kiswahili.

Hapo ndipo nilipokutana na neno *chelezo*. Kitufe kilisema "Chelezo", na chini yake, "Chelezo cha mwisho" pamoja na tarehe. Niliufurahia uteuzi huo kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni katika mji wa ugenini. Watu wa pwani wanalijua neno hili: chelezo ni boya, kitu kiachwacho juu ya maji ili nyavu au ndoana isipotee chini. Limetoka katika kitenzi *elea*. Kinachoelea hukaa juu ya maji, kikaonekana. Na jambo likinielea, nimelifahamu, yaani limekuja juu likaonekana na akili. Kutoka hapo tunapata *eleza* na *maelezo*, na *kielelezo* nacho ni ndugu yao. Wakati wengine walikuwa wakigombania *tarakilishi* na *ngamizi*, na kwa kweli *ngamizi* lilinikumbusha *angamiza* kila nilipolisikia, mtu fulani alikwenda baharini akarudi na neno lenye mwili. Jahazi likizama, chelezo hubaki juu kuonyesha mahali. Nililisifu neno hilo kwa wiki nzima.

Nilianza kuchapa Oktoba 2023. Mwandiko wa mwenzangu ulikuwa mzuri lakini wa haraka, na mara nyingi nilisimama nikihesabu mizani kwa vidole ili nijue kama aliandika "ametuwacha" au "ametwacha". Ilikuwa kazi ya polepole, na sikutaka iwe ya haraka; kila shairi lilikuwa jioni moja pamoja naye. Mwezi Machi 2024 nikamaliza. Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi, na Jumamosi iliyotangulia nikapanda gari hadi Matombo nikamrudishia shemeji madaftari yake manne, nikiwa nimeyafunga kwa kitambaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nikamwambia kwa maringo, ila sisi tuna daftari mara mbili.

Naomba sasa msomaji aniruhusu nirudi nyuma kidogo, hadi katikati ya Februari. Asubuhi moja nilipofungua kompyuta, kijidirisha kilijitokeza pembeni mwa kioo kikasema: *Chelezo imeshindwa*.

Nilikasirika. Chelezo ni nomino ya ngeli ya KI-VI: chelezo hiki, vyelezo hivi, sawa na chakula na vyakula. Nani aliyeandika "imeshindwa"? Mtu aliyekwenda baharini kulitafuta neno zuri namna ile alishindwaje kulipatia kiambishi chake? Nikachukua kalamu nikaandika pembeni mwa shajara yangu: "Chelezo *kimeshindwa*. Nimwambie mpwa." Kisha nikakifunga kijidirisha. Kesho yake kikarudi, nikakifunga. Baada ya siku chache kilikuwa kama nzi. Mkono ulikifukuza wenyewe. Mpwa sikumwambia, maana nilipokutana naye nilikuwa na mambo mengine. Nilisahihisha sarufi ya habari ile, habari yenyewe sikuisoma.

Asubuhi moja ya mwezi Mei kompyuta haikuwaka. Ilitoa mlio mdogo, tik, tik, tik, kama mjusi aliyenaswa ndani ya kabati, kisha ikanyamaza. Mpwa alikuja jioni, akaamkia, akaisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. "Diski imekufa, mjomba. Lakini usijali, tuna chelezo." Akaketi sebuleni na kompyuta yake mwenyewe, akakifungua kile kisanduku. Nikamwona anasoma, anarudi juu, anasoma tena.

"Mjomba, cha mwisho ni cha tarehe 11 Februari."

Sikumwelewa upesi. Nilikwenda kuitazama shajara, ambamo huandika kila jioni nimechapa nini. Hadi Februari 11 nilikuwa nimechapa mashairi 85. Baada ya tarehe hiyo nilichapa mashairi 27. Diski iliyokufa tuliipeleka kwa fundi wa Dar es Salaam, naye akairudisha pamoja na maelezo kwamba kichwa kinachosoma kilikuwa kimegusa sahani na kuikwaruza, na hakuna alichoweza kukivuna.

"Si neno," nilimwambia mpwa. "Madaftari yapo Matombo."

Nilipompigia shemeji simu, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Walioishi mkoani Morogoro wanaikumbuka masika ya mwaka 2024. Mvua ilikuwa imeng'oa bati moja la paa lake mwezi Aprili, usiku, na sanduku la mbao lenye madaftari lilikuwa chini ya bati hilo. Alikuwa ameyaanika. Hakuniambia kwa kuwa alijua mimi ninayo yote.

Kabla sijasimulia safari ya Matombo, nieleze kwanza tulivyotafuta ubovu, kwa sababu nilijifunza hapo jambo ambalo halimo katika vitabu nilivyofundishia. Mpwa alikuja jioni tatu mfululizo baada ya kufunga kibanda chake.

Jioni ya kwanza tulisoma kumbukumbu. Kumbe programu ile ina shajara yake, kama mimi. Kila usiku umeandikwa. Hadi Februari 11 mistari yote ilikuwa na alama ya kijani. Kuanzia Februari 12, saa nane usiku, ni mekundu matupu, usiku hadi usiku, kila mmoja na maneno yaleyale: njia ya mtandao haikupatikana. Mpwa aliuliza usiku ule kulitokea nini. Shajara yangu ikajibu: umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa saba.

Alipigapiga meza kwa kidole. "Basi ndiyo hiyo, mjomba."

Akanieleza hivi. Ruta huipa kila mashine ya nyumbani nambari ya anwani, na nambari hiyo si mali ya mashine. Imekopeshwa tu kwa muda. Umeme ukikatika, ruta kama yangu husahau ilimkopesha nani nini. Ukirudi, mashine zote huamka pamoja na kuomba upya, na anayewahi ndiye apatae. Kisanduku chetu kilikuwa na anwani ambayo mwisho wake ni 5, na programu ilikuwa imeandikiwa iende kwa 5. Usiku ule televisheni iliamka kwanza. Ikapewa 5. Kisanduku kikapewa 9. Tangu siku hiyo, kila saa nane ya usiku, kompyuta yangu ilibeba mashairi ya marehemu ikaenda kubisha hodi kwa televisheni.

Mtu wa Msamvu hahitaji mfano wa mbali. Stendi yetu ni njia panda: magari ya Dar es Salaam, ya Dodoma, ya Iringa, ya Ifakara, yote hupita hapa. Tuseme umemwambia mgeni basi lake husimama nafasi ya tano. Siku tatu analikuta. Siku ya nne magari yamepangwa upya, basi lake liko nafasi ya tisa, limewaka, lina viti. Mgeni yuko nafasi ya tano na tiketi mkononi. Basi si bovu, wala mgeni si mjinga, ila nambari ya mahali imemdanganya.

Dawa yake ilikuwa fupi kuliko maelezo. Kila mashine huzaliwa kiwandani na utambulisho wake wa kudumu, herufi na tarakimu 12, ambao umeme haubadili. Mpwa aliingia ndani ya ruta akaandika kwamba mwenye utambulisho huu apewe nambari 5 daima, hata akichelewa kuamka. Televisheni ikahamishwa.

Jioni ya pili, kompyuta ikiwa na diski mpya, tulianza kunakili upya kila kitu: mashairi, picha za familia, mitihani niliyotunga, kanda za nyimbo za ngoma nilizorekodi milimani. Tuliiacha tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imefika theluthi moja, ikasimama. Sababu safari hii ilikuwa usingizi. Kompyuta ilikuwa imeagizwa ilale ikiwa hakuna mkono unaoigusa kwa nusu saa. Siku za zamani agizo hilo halikudhuru, kwa kuwa kazi ya usiku mmoja ilikuwa shairi moja au mawili, dakika chache tu. Kazi ya kuhamisha nyumba nzima ilihitaji saa nyingi, na kompyuta ililala ikiwa na mzigo kichwani. Mpwa akaiamuru isilale ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

Jioni ya tatu ilikuwa bado inakatika, bila mpango, mara kwa dakika kumi, mara kwa arobaini. Mpwa aliichukua kompyuta akatembea nayo polepole kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni, macho yakiwa kwenye kipimo cha mawimbi. Kati ya vyumba hivyo kuna kuta mbili za matofali ya saruji. Ruta yangu hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya pili ni mepesi wa mbio lakini ukuta huyachosha upesi, na kompyuta ilikuwa imeyachagua hayo kwa kupenda mbio. Tukaihamishia kwa yale yanayovumilia kuta. Na kwa mzigo ule mkubwa wa mara ya kwanza tukaacha kabisa hewa: tulitandaza waya kutoka sebuleni, tukaupitisha chini ya mlango, na kwa saa moja na ushei kazi ikaisha. Kinachobaki kila usiku ni kidogo, na hicho hewa inakiweza.

Nilidhani tumemaliza. Nikamwandalia chai.

"Bado, mjomba," alisema. "Sasa futa shairi moja."

Nilimtazama. Aliniambia tena, kwa adabu, lakini kwa sauti ile ambayo mimi nilizoea kuitumia darasani. Nilichagua shairi langu mwenyewe, la mwaka 1991, ambalo dunia isingelilia. Nikalifuta. Akaniagiza nilirejeshe kutoka kwenye kisanduku, na lilipokuja akaniomba nilisome neno kwa neno, yeye akifuata kwa karatasi ya zamani. Lilikuwa kamili. "Sasa unacho chelezo," alisema. "Kabla ya hapo ulikuwa na imani tu."

Maneno hayo yalinikaa usiku kucha, na nikatambua kwamba wazee walikuwa wameyasema kabla yake. Wanakili wa miswada katika ulimwengu wa Kiislamu walikuwa na hatua waliyoiita *muqabala*, kutoka katika shina lile lililotupa *kabili* na *mkabala*: baada ya kunakili, nakala hukalishwa uso kwa uso na asili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatilia, na mahali palipopungua pakajazwa pembeni. Nakala ambayo haijakabiliwa haikuaminiwa. Mpwa wangu hakusoma habari za muqabala popote. Alifundishwa na mashine zilizowaliza wateja wake.

Basi nikaenda Matombo.

Shemeji alikuwa ameyatandaza madaftari juu ya mkeka. Matatu ya mwanzo mwenzangu aliyaandika kwa kalamu za kawaida za biki, ambazo wino wake hauogopi maji sana. Kurasa zilikuwa zimekunjamana kama majani ya tumbaku lakini maneno yalikuwapo. Daftari la nne aliliandika kwa kalamu ya wino mwepesi aliyozawadiwa siku ya kuagwa kazini. Aliipenda kalamu hiyo. Kurasa za katikati zilikuwa za buluu tupu, wingu juu ya wingu. Mashairi 27 niliyoyatafuta yalikuwa katika sehemu ya mwisho ya daftari la tatu na katika daftari la nne. Tulikaa siku mbili. Kumi na tisa niliyasoma, mengine kwa kuinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Manane hayakusomeka.

Nikiwa nimeinama juu ya mojawapo ya hayo, nikijaribu kukisia neno kutokana na mkia wa herufi moja, shemeji aliyekuwa akichambua mboga aliuliza ni lipi hilo. Nikamwambia linaanza na "Ewe ndizi". Akaendelea kuchambua, na bila kuniangalia akalisema lote, beti saba, kwa sauti ya mtu anayehesabu mafungu ya mchicha.

Niliweka kalamu chini. "Shemeji, umelijuaje?"

"Alikuwa akiyasema jioni tukila," alijibu. "Akikwama kwenye kina, ananiuliza. Mengine nilikuwa nikimpa mimi."

Miaka arobaini nililumbana na mwenzangu bila kujua kwamba upande wa pili walikuwa wawili. Jioni ile alinipa matano kati ya yale manane. Niliandika, nikamsomea, akanikatiza mara mbili: hapa hakusema "mbali", alisema "kando", hapa umeruka mshororo. Ilikuwa muqabala kamili, na asili alikuwa yeye. Matatu hakuwa nayo. Alitunga hayo mwezi wa mwisho, hospitalini, wakati shemeji alikuwa akienda na kurudi, nao hawakula pamoja.

Katika gari la kurudi, mto Ruvu ukionekana mara huku mara kule chini ya mabonde, nilikuwa nikifikiri juu ya neno moja lililo kwenye kila kompyuta na ambalo vidole vyangu vimelibonyeza mara elfu: *Hifadhi*. Mtoto wa madrasa akiambiwa ahifadhi sura, haambiwi aiweke kabatini. Anaambiwa aiweke moyoni, na aliyeihifadhi Kurani yote huitwa hafidhi. Neno ni lilelile. Sisi wa kalamu tumelipunguza likawa sanduku. Na *nakala* pia, katika asili yake ya Kiarabu, ni kuhamisha, kubeba kitu kutoka mahali hadi mahali. Yanahitaji mtu anayebeba, naye lazima ajue mlango anaokwenda.

Ushairi wetu umefika hapa kwa njia hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na hakuacha diwani iliyochapwa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliwaendea wazee wa Mombasa akazikusanya; mmisionari W. E. Taylor akazipokea kutoka kwake na kuziandikia maelezo. Karatasi zikafika London. William Hichens akachapisha diwani huko Johannesburg mwaka 1940. Na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatupa kitabu chake juu ya Muyaka, ambacho wengi wetu tulikifundishia. Hesabu mikono hiyo. Mmoja ungebisha mlango usio wenyewe, tusingejua tulichokosa, kwa maana kilichopotea kabisa hakiachi hata pengo. Hata pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mkusanyo ulioanzishwa kwa kazi ya J. W. T. Allen na orodha yake kutolewa mwaka 1970, pamoja na miswada kuna kanda za sauti. Waliokusanya walijua kwamba karatasi peke yake ni chelezo kimoja tu.

Wenye kompyuta wamelifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Wana kanuni, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, wanayoifupisha kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Nakala tatu za kitu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumba. Mimi nilikuwa na moja nikidhani ni mbili, zote chini ya paa moja. Sasa mashairi 109 ya mwenzangu yako katika kompyuta, yako katika kisanduku chenye nambari 5, na yako katika flashi ndogo ambayo shemeji ameifunga katika pindo la khanga na kuitia ndani ya kopo la chai huko Matombo. Zaidi ya hizo, yamepigwa chapa kwenye karatasi. Kila tarehe moja ya mwezi nafungua kisanduku, narejesha shairi moja kwa kubahatisha, nampigia shemeji simu na kumsomea. Akisema "ndivyo", natia alama katika shajara. Akisema "sivyo", nasahihisha. Siku hizi ananisahihisha hata yale niliyoyachapa kutoka daftari safi, na mara nyingi yeye ndiye mwenye haki, kwa kuwa mwenzangu aliendelea kuyabadilisha mezani baada ya kuyaandika.

Kijidirisha bado hujitokeza mara mojamoja, umeme ukisumbua. Bado kinasema "Chelezo imeshindwa", na bado kiambishi hicho kinaniuma. Ila sasa naamka kwenye kiti kwanza, naenda sebuleni kutazama taa za kisanduku, kisha ndipo nakasirikia ngeli.

Kuhusu yale matatu: moja kati yake nakumbuka nilivyolichapa, usiku wa mvua, mwezi Machi. Lilihusu mto na jiwe. Beti zake zimekwenda. Kibwagizo kimebaki, kwa sababu kilirudiwa mara sita, na vidole vyangu vilikichapa mara sita. Nakiweka hapa, na kwa kuwa sijawahi kuacha ubeti wake bila jibu, namjibu kwa mara nyingine.

Mwenzangu nakwandikia, japo umekwenda mbele,
Matatu yameishia, sitayakuta milele,
Mengine nimesikia, kwa shemeji vilevile,
Maji yamepita njia, jiwe lingalipo pale.

Ngeli nilipigania, habari ikawa kule,
Kengele ikanilia, nikaiona kelele,
Leo nimezingatia, kusoma hadi kilele,
Maji yamepita njia, jiwe lingalipo pale.

Mpwa kaniandalia, nakala tatu teule,
Moja imeshafikia, Matombo kwa mama yule,
Na kila nikipitia, nasoma neno la kale,
Maji yamepita njia, jiwe lingalipo pale.